Treni Chini ya Bahari

Wageni waliopanda ngazi kwa mara ya kwanza walidhani paa linavuja. Ndoo ya plastiki ilikuwa imefunikwa kifudifudi kwenye kona ya chumba, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Chini yake kulikuwa na kipima mtetemo, ukubwa wake kama mkebe wa maziwa ya unga, na ndoo ilikikinga na upepo wa feni.

Chumba kilikuwa mjini Voi, juu ya duka la vyombo la babake Mwanaesha. Kilikuwa na meza mbili na dirisha lililotazama reli kwa mbali na mlima Sagalla nyuma yake. Meza ya karibu na dirisha ilikuwa ya Mwanaesha, aliyesomea miamba Nairobi na kisha ng'ambo. Ya pili ilikuwa ya Kalondu, ambaye hakusomea miamba popote. Kwa miaka kadhaa Kalondu alikuwa akiwachapia watu barua katika saiba, duka la kompyuta na intaneti lililo karibu na stendi, na baina ya mteja na mteja akijifunza mitandaoni kusoma mistari ya matetemeko, kama vile mwingine angesuka vikapu. Siku moja Mwanaesha aliingia kuchapisha kitu, akaukuta mstari kwenye skrini, akauliza ni wa nani. Basi wakaanza hapo.

Kazi yao haikuwa ya Voi. Ilikuwa ya chini ya Bahari ya Omani, ambako sakafu ya bahari hujipenyeza chini ya bara polepole kama kucha inavyoota. Vipima mtetemo vilikuwa vimeshushwa huko kutoka melini, vikakaa gizani mwaka mzima, kisha vikaopolewa. Rekodi zake ziligawiwa vikundi vya nchi mbalimbali, na kimoja kilikuwa hiki cha watu wawili juu ya duka la vyombo. Walitafuta matetemeko madogo, yale ambayo hata samaki aliyelala juu yake hashtuki.

Watu walipouliza yana faida gani, Mwanaesha aliwapa mfano wa gunia la mahindi linalokokotwa kwenye sakafu ya saruji. Gunia likiteleza kidogo kidogo, likikwaruza, hakuna neno. Lakini likinasa, na anayevuta haachi kuvuta, siku litakaponasuka ataanguka chali. Palipo na matetemeko madogo, gunia linakwaruza. Palipo kimya kabisa, huenda limenasa, na huko likinasuka bahari yenyewe huinuka na kuwaendea watu.

Sehemu ya mashariki ya ramani yao ilikuwa kimya. Sentensi hiyo ilikuwa katika ripoti, na aliyeiandika ni Kalondu.

Ripoti ingesomwa Alhamisi mbele ya kamati, kwa video, na baada yake kamati ingechagua vikundi vya kuendelea na awamu ya pili. Ilijulikana kwamba kamati hutazama jambo moja kuliko yote, nalo ni kikundi kipi kinakosea kidogo zaidi. Kikundi cha Voi kilikuwa kimesifiwa kwa hilo. Kwa Kalondu, awamu ya pili ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Ikikosekana, Mwanaesha angepata chuo cha kufundisha, chumba kingerudi kuwa stoo ya sufuria, naye angerudi saiba kuchapa barua za watu. Hakuiona kuwa aibu. Ni kazi iliyomlisha. Ila alikwisha kuionja nyingine, na hakutaka kuitema.

Kabla rekodi za baharini hazijafika, walikuwa wamefanya mazoezi hapa hapa nyumbani. Nchi hii haina matetemeko ya kutosha kumfundisha mtu, lakini ina treni za mizigo, na treni hutetemesha ardhi. Kipima kimoja wakakiweka chini ya ndoo. Cha pili wakakifukia Miasenyi, nyuma ya kibanda cha chai cha Ngui, kakake Kalondu, katika shimo lililosiribwa saruji na kufunikwa karai lenye jiwe juu. Treni ikitoka Mombasa hupita Miasenyi kwanza. Ngui alimpigia Kalondu simu na kusema neno moja tu, "Imepita," akaendelea kuwamiminia chai madereva wa malori. Kalondu alingoja mbele ya skrini hadi mstari wa Voi nao uanze kunenepa.

Humo ndimo ilimotoka kanuni yao. Tetemeko hubisha hodi. Mstari umenyooka, mara unashtuka: hilo ni wimbi la kwanza, ndilo hodi yenyewe. Punde hufuata wimbi la pili, zito zaidi, mgeni ameingia. Treni haina adabu hiyo. Mstari hunenepa taratibu hata usijue ulianzia wapi, hujaa, kisha hukonda taratibu vilevile. Kalondu aliandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi la vikombe, akakibandika ukutani: KISICHOBISHA HODI, TUPA.

Rekodi za baharini zilipofika, walikuta humo vitu vingi visivyobisha hodi. Chini ya bahari hakuna reli, kwa hiyo wakasema ni meli. Bahari ile ina meli nyingi za mafuta. Wakavitupa. Kisha wakaifunza programu ya kompyuta kufanya kama wao, nayo ikawa mwanafunzi mzuri kupita kiasi. Ilitupa kwa asubuhi moja vitu ambavyo wao wangevitupa kwa mwezi.

Jumanne ya wiki ile ya ripoti, Ngui alikuja mjini kununua vikombe, maana madereva walikuwa wamemvunjia vya kutosha. Akapanda ngazi, akasukuma mlango, akaingia.

"Hodi zimeadimika sokoni siku hizi?" Mwanaesha aliuliza bila kugeuka.

"Ai, madam! Mtu abishe hodi kwa dadake? Hodi ni ya mgeni."

"Na mimi niliye humu ndani je?"

"Wewe pia uko kwa dadangu."

"Haya basi, karibu, mwenye nyumba. Usiikanyage ndoo."

Ngui aliweka mezani mfuko wa mayai ya kuchemsha na kachumbari. Akavuta kiti, akakaa nyuma ya dadake. "Profesa, leo umeshika wangapi?"

"Wachache."

"Mama alikuwa anauliza, haya matetemeko ya Waarabu ukishayahesabu unayapeleka wapi? Nikamwambia yanarudishwa kwa mwenyewe."

"Mwambie Mama nimemsalimia."

"Nitamwambia uko bize." Ngui aliinama kuelekea skrini, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyemwona jirani yake ugenini. "Hii si treni yangu?"

"Si yako. Hii ni ya chini ya bahari."

"Treni chini ya bahari! Kumbe reli imefika mbali."

"Ni meli, Ngui. Inanguruma tu. Hizo tunatupa."

"Na huu mstari wa chini yake?"

"Ni hiyo hiyo, kwa kipima kingine."

"Na huu?"

"Hiyo hiyo."

Ngui alimenya yai polepole, macho yakiwa kwenye skrini. "Sasa mimi niulize kama mjinga. Treni ikipita kwangu, nakupigia, namimina chai, napeana chenji, ndiyo inafika huku. Kwangu ikiisha ndiyo kwako inaanza. Hii imefika kwa wote pamoja na ikaisha kwa wote pamoja. Ni meli gani hiyo haiendi mahali? Imelala?"

"Labda imetia nanga," alisema Kalondu.

"Na bado inanguruma? Basi huyo kapteni mafuta ni ya bure."

Mwanaesha alicheka. "Bwana Ngui, ukimaliza mayai yako tutakuandika kazi."

"Mtaniandika na nani atachemsha maji Miasenyi?" Ngui aliinuka, akapangusa maganda kwa kiganja, akachukua boksi lake la vikombe na kushuka. Alikuwa ameshasahau alichokiuliza.

Kalondu hakusahau. Hata hivyo hakuwa na cha kumwonyesha Mwanaesha. Swali la mtu anayekula yai si ushahidi. Alifungua mahali walipoweka vitu vilivyotupwa, maana hawakuwa wamefuta chochote, walivitia kando tu, na akaanza kuvitazama kimoja baada ya kingine.

Alianza na nanga. Bahari pale ina kina cha milima. Hakuna mnyororo wa kufika chini. Nanga akaiondoa. Akafikiri juu ya ubovu wa chombo. Kipima kibovu hunguruma peke yake, hakiwaambukizi wenzake walio mbali. Ubovu akauondoa. Akafikiri juu ya dhoruba. Akatafuta hali ya hewa ya siku zile, akakuta katika nyingi ya siku hizo bahari ilikuwa shwari. Hiyo hakuiondoa kabisa, aliiweka kando. Mwishowe alizitafuta meli zenyewe, zile za kweli, akazipata. Zilikuwa zikifanya kama treni ya Ngui: zinajaa kwa kipima hiki, zinakonda, zinajaa kwa kinachofuata. Zilionekana wazi kuwa zinasafiri. Zile nyingine hazikusafiri. Zilijaa kwa vipima kadhaa vilivyo jirani kwa wakati mmoja, kana kwamba kitu kilicho chini ya vyote kilikuwa kikijigeuza.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa jingine. Ngurumo hizo hazikutawanyika ovyo katika mwaka. Zilikuja kwa makundi. Wiki nyingi hakuna, kisha siku nyingi mfululizo, na katika siku hizo zilihama, kwa siku moja umbali ambao kundi la ng'ombe huenda likichungwa, likila njiani. Hakuna meli inayokwenda hivyo. Na karibu zote zilikuwa mashariki, pale alipoandika kwamba ni kimya.

Alikuwa amekutana na jambo hili zamani, katika video fulani aliyoitazama saiba huku mteja akingoja risiti. Mabamba mawili ya ardhi yanaweza kuteleza taratibu, bila kishindo, na yakiteleza hivyo hunguruma. Alilisikia, akalielewa, akalipita. Halafu alizifuata treni miezi mingi, na macho yake yakazoea.

Jumatano asubuhi alimngoja Mwanaesha avue viatu, akae, anywe chai nusu kikombe.

"Dada, mashariki si kimya."

"Nani kasema?"

"Zile tulizozitupa."

Alimwonyesha kwa utaratibu ule ule alioufuata mwenyewe: nanga, ubovu, dhoruba, meli. Mwanaesha hakumkatiza. Walipofika kwenye makundi na jinsi yalivyohama, alikiweka kikombe chini.

"Ngurumo hizi nimezisoma," alisema. "Nimezifanyia mtihani, nikafaulu. Ungeniuliza darasani ningekueleza mpaka ulale."

"Hata mimi nilikuwa nimeziona."

"Basi tulizijua sote wawili, tukazitupa sote wawili." Alitazama kile kipande cha boksi ukutani. "Una hakika lakini?"

"Sina. Nina shaka, ila shaka yenyewe imekaa vizuri."

Mwanaesha aliinuka, akaenda dirishani. Alipozungumza alizungumza kwa sauti ya kawaida, kama anayepanga vyombo rafuni. "Nisikilize, Kalondu, usidhani natafuta kuficha. Kesho tuna ripoti. Jambo hili tumelijua jana jioni. Hatujalipima, hatujalirudia, hatujui ni kina gani. Tukilisema nusu nusu, kamati itaona kikundi kisichojua kinachokisema. Hatutachaguliwa, na wa kuyarudia haya atakuwa mtu mwingine, asiyeyajua. Tukiisoma ripoti ilivyo, tukachaguliwa, jambo la kwanza awamu ya pili ni kuyarudia haya, kwa muda wetu, kwa utulivu. Mtu asiseme asilolijua. Hilo wewe mwenyewe hulisema kila siku."

Kalondu aliyapima maneno hayo. Yalikuwa na uzito, na hakuyaona kuwa ya hila. Mwanaesha hakuwa mtu wa hila. Tena katika mizani ile ile kulikuwa na meza yake mwenyewe, na alijua ilikuwa ikilalia upande gani.

"Ni kweli mtu asiseme asilolijua," alisema mwishowe. "Lakini 'kimya' nalo tutakuwa tumelisema."

Chini dukani babake Mwanaesha alikuwa akimwambia mteja kwamba sufuria hiyo hata mjukuu wake ataipikia. Adhana ya adhuhuri ikaanza, naye Mwanaesha akachukua mtandio wake, akashuka kuswali.

Kalondu alibaki na ripoti iliyo wazi mbele yake. Sentensi yake ilikuwa na maneno machache tu, na alikuwa ameipenda alipoiandika, kwa kuwa ilikuwa fupi. Kuna watu kwenye pwani ile ambao siku moja wangeambiwa kwamba bahari yao imenasa, au wangeambiwa haijanasa, na watoto wao wangelala kwa kufuata lile watakaloambiwa. Hakuwajua watu hao. Aliweka kidole juu ya kitufe cha kufuta, kisha akakiondoa. Jina la kwanza kwenye ripoti lilikuwa la Mwanaesha, na mtu hafuti kitu katika nyumba ya mwenzake akiwa ameenda kuswali.

Mwanaesha aliporudi, nywele za mbele zilikuwa bado na maji ya udhu. Alikaa, akavuta kompyuta yake.

"Nampigia Waleed," alisema. "Wewe ndiye utakayemweleza. Mimi nikieleza nitaipamba."

Waleed ndiye aliyekuwa msimamizi wa utafiti wote. Alikaa Maskati, lakini nyanyake alizaliwa Pemba, na Kiswahili chake kilikuwa cha bibi huyo, cha zamani na kilichonyooka. Alimsikiliza Kalondu hadi mwisho, mkono shavuni. Alimtaka amwonyeshe tena makundi. Akayatazama, akamtaka amwonyeshe mara ya tatu.

"Sasa niambie, Bi Kalondu. Ile programu, mliifunza wenyewe?"

"Ndiyo, sisi."

"Kwa zile treni zenu za mazoezi, pamoja na hizi mlizoziita meli?"

"Ndiyo."

"Na mwezi wa tatu, kwa kuwa ilifanya kazi vizuri mno, tuliisambaza kwa vikundi vyote." Waleed alivua miwani. "Subhanallah. Mmeufunza ulimwengu mzima treni ya Voi."

Alianza kucheka, akacheka hadi akafuta macho, na hakuna aliyecheka naye. Kisha akanyamaza. "Niwieni radhi. Si kicheko cha furaha. Haya, kesho ripoti itasomwa bila sentensi ile, na nitawaambia ni kwa nini. Siwezi kuwaahidi kitu."

"Hatujaomba kitu," alisema Mwanaesha.

"Najua. Ndiyo maana inaniuma."

Alhamisi kamati ilikaa muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Iliuliza maswali ya haki. Hakuna aliyewafokea, na mzee mmoja mwenye lafudhi ya Kijapani alisema kwamba katika nchi yake pia ngurumo hizo ziliitwa kelele kwa miaka mingi. Wiki iliyofuata uamuzi ulifika. Kazi ya awamu ya pili ilipewa vikundi vingine, kwa sababu kanuni ya kamati ilikuwa ile ile ya siku zote, na waliokosea kwa wingi walikuwa watu wa Voi. Waliachiwa jambo moja, kuyarudia yote yaliyotupwa mashariki, kwa mkono, bila programu. Baada ya hapo hakuna kilichoahidiwa.

Mwanaesha alisoma uamuzi huo mara moja, akaukunja kichwani mwake, akaanza kutafuta chuo. Alipata vipindi vya kufundisha Mombasa, siku tatu kwa wiki. Babake alileta sufuria zake, akazipanga upande wa dirisha hadi nusu ya chumba, akiomba radhi kwa kila boksi. Meza ya Kalondu ikasogezwa karibu na ndoo.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndefu. Programu ilikuwa imetupa kwa asubuhi. Mtu alirudisha kwa miezi. Kila mstari aliuweka kando ya jirani zake, akatafuta kama unasafiri. Mingine ilikuwa meli za kweli, akairudisha ilikotoka. Mingine ilikuwa ngurumo, na kwenye ramani, upande wa mashariki uliokuwa mweupe, akaweka nukta. Iliyomshinda aliiacha bila jina. Hiyo ilikuwa mingi kuliko alivyotarajia, na hakuona sababu ya kuipunguza. Kile kipande cha boksi cha ukutani alikibandua siku moja alipokuwa akifagia, akakitumia kuzibia ufa wa dirisha.

Asubuhi moja simu ililia. Ilikuwa ni Ngui, na nyuma yake vikombe viligongana.

"Profesa. Imepita."

"Nani kakuambia unipigie? Mazoezi yaliisha zamani."

"Nimekumbuka tu. Nikaona labda umekosa watu wa kuongea nao."

Kalondu alitazama mstari wa Voi, ule wa ndoo. Ulikuwa umenyooka. Hakukata simu, naye Ngui hakukata. Alisikika akimwuliza mtu kama anataka chai ya maziwa au strungi isiyo na maziwa. Mstari ukaanza kunenepa, taratibu, usijue ulianzia wapi.

"Imefika," alisema Kalondu.

"Unaitupa?"

"Hii naitupa."

"Usiharakishe. Una hakika ni treni?"

Kalondu aliinuka, akanyoosha shingo juu ya maboksi ya sufuria. Mbali, chini ya Sagalla, makontena yalikuwa yakipita moja moja.

"Naiona dirishani."

"Haya," alisema Ngui. "Shida ni wale wako wa chini ya bahari. Hao hawana dirisha." Akakata simu, kwa kuwa alikuwa na wateja.

Kalondu alirudi kwenye kiti chake, akafungua mstari uliofuata.